Upindo wa Koko Zaina

Waliovunja nyumba yetu ya mtaa wa Kilibula, hapa Uvira, walikuwa na haraka, ila si haraka ya kusahau kitu. Walichukua mlango, wakachukua mabati ya jikoni, wakachukua hata kamba ya kuanikia nguo. Meza tu waliiacha, kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu. Siku tuliyorudi kutoka ukimbizini niliinama juu ya meza hiyo, nikaona duara jeusi la mafuta pale cherehani ilipokaa tangu nikiwa mtoto. Nikaligusa, nikanusa kidole. Harufu ni ileile: mafuta, chuma na vumbi la pamba. Nikakaa chini sakafuni nikalia, mimi mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, na wadogo zangu wakadhani ninalilia mlango.

Nilikuwa nikimlilia mama, ambaye hakurudi nasi. Na nilikuwa nikimlilia mwanamke mwingine ambaye hata ndugu yangu hakuwa, na ambaye nilimkosea siku nilipompenda kuliko siku zote.

Cherehani iliingia kwetu mwaka ule baba hakurudi. Baba alikuwa mchuuzi wa mchele. Alikwenda na baiskeli hadi Luberizi, akapakia magunia, akashuka nayo mpaka soko la Uvira. Siku moja baiskeli ilirudi ikisukumwa na mtu tusiyemjua. Mama akapanda gari la mizigo kwenda kumtafuta mumewe, akaonyeshwa tuta la udongo kando ya mashamba ya mpunga. Mkulima aliyemzika baba alikuwa mtu mwema, na ubaya wa watu wema ni kwamba husema kweli yote. Alimwambia mama kuwa shati la marehemu lilikuwa limechanika kutoka begani hadi kiunoni, na kwamba wao hawakuwa na kitu cha kumfunika.

Wenzangu wa rika langu mnajua maana yake. Kwetu sisi watu wa kanisani, maiti huvishwa. Suti ikiwepo ni suti, gauni la harusi likiwepo ni gauni la harusi, na soksi nyeupe miguuni hata kama mtu alitembea pekupeku maisha yake yote. Asiye na shati huazimiwa. Kuzikwa na nguo iliyochanika ni kutangaza kwamba huyu hakuwa na watu, na baba alikuwa na watu. Alikuwa na sisi.

Mama hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye kigoda, akanishika mkono, akasema, "Nabintu, sikia. Muntu wangu mwingine hataingia tena mu udongo na nguo ya kupasuka. Minye niko nakuambia." Nilikuwa na miaka tisa. Niliyashika maneno yale jinsi nilivyozishika amri kumi, yaani bila kuuliza.

Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi mwanamke mzee wa Kiislamu, Koko Zaina. Koko ndivyo tunavyowaita bibi na babu zetu, na huyu alikuwa koko wa mtaa mzima. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kanzu, na cherehani yake ilikaa kwa mjane chini ya kanga: ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika pale kiganja kilipopumzika miaka nenda miaka rudi. Koko Zaina mwenyewe alishona nayo mpaka macho yake yakaingia ukungu. Mama akamtolea baiskeli ya baba ili apewe cherehani. Kikongwe hakuwa na haja ya baiskeli, lakini mpwa wake, Mama Shabani, aliyeuza samaki kule Kavimvira, aliitamani siku nyingi.

"Baiskeli nakubali," Koko Zaina akasema. "Lakini mashini bila fundi ni chuma tu. Muko mnanunua mashini, muko mnanunua na minye. Kila siku nitakuja kufundisha."

Mpango wa mama ulikuwa wazi. Mwezi wa tisa shule zinafunguliwa, na kila mtoto wa Uvira anataka shati jeupe na sketi au suruali ya buluu. Mama ashone, sisi tule, mimi nibaki darasani. Mpango wa pili haukuwepo. Lakini mikono ya mama ilizoea jembe. Alikisukuma kitambaa kama anayepalilia mihogo, na wiki ya kwanza alivunja sindano nne. Sindano ya tano ilipolia, Koko Zaina alimgusa bega. "Mama Nabintu, weye kata nguo, uko na jicho ya kukata. Kushona tuachie huyu mutoto."

Nilianza bila uzi. Tulipasua mifuko ya simenti, tukakung'uta vumbi, Koko akachora mistari kwa mkaa, na mimi nikapitisha karatasi chini ya sindano tupu, mkono wa kulia ukizungusha, wa kushoto ukiongoza. Sindano iliacha vitundu. Nilipomaliza nilimpa karatasi, naye akaigeuza upande wa chini, akafumba macho yale ambayo hata hivyo hayakuona, akapitisha kidole gumba juu ya vitundu taratibu toka mwanzo hadi mwisho.

"Hapa ulikuwa unatazama mulango," alisema. Na kweli, pale kaka mmoja alipita na mkungu wa ndizi nikageuka. "Hapa ulisikia njaa. Hapa mushono ilikunywa pombe. Anza tena."

Mimi niliamini, na hakuna aliyenitoa katika imani hiyo, kwamba macho ya Koko Zaina yalipoharibika yalihamia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Nilipotaka kumwibia sukari nilitazama kwanza kidole kimeelekea wapi. Akikilaza juu ya paja nilijua amesinzia. Akikiinua nilinyoosha mgongo.

Tulipofika kwenye uzi, neno lake likawa moja: fumua. Nikimpa kola, fumua. Nikimpa mfuko wa shati, fumua. Nilifumua mpaka ncha za vidole zikatoka damu, nikafumua nikilia, naye akinywa chai yake ya tangawizi kana kwamba ni mvua inayonyesha nje. Mama alinionea huruma mara moja tu, akamwomba koko aiache ile mishono, mteja hatatambua. Koko Zaina akaweka kikombe chini. "Muteja hatatambua, lakini upindo itatambua. Nabintu, usiache nguo itoke mu mukono yako bila upindo. Nguo yenye kutoa nyuzi iko nasema jina ya fundi mu barabara."

Mwezi wa tisa ulifika. Mama alikata mashati, mimi nikayashona, na watoto wa Kilibula wakaingia shule wamevaa kazi yangu. Siku moja nilimpa Koko Zaina sketi ya mtoto wa mchungaji, akapitisha kidole kuzunguka upindo wote, akarudia mara ya pili, akanirudishia bila neno. Nikangoja. "Unangoja nini?" akaniuliza. "Peleka kwa mwenyewe." Sijapata sifa nyingine kubwa kama hiyo hadi leo, na nimeshaolewa na kuzaa.

Alikufa asubuhi, mwaka uliofuata. Milimani risasi zilikuwa zinalia, kama siku nyingi za miaka ile, na soko na maduka yote yalifungwa. Nilipoingia kwake nilikuta majirani wawili wa dini yake wameketi kando ya kitanda, wakimngoja Mama Shabani aje amwoshe shangazi yake, naye alikwama Kavimvira kwa sababu ya risasi. Mama yangu alikuwa amekwenda kuteka maji. Mmoja wa wale wanawake alifungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe kinachonukia karafuu, akakiweka juu ya mkeka karibu na mlango. "Hii njo nguo yake ya kaburi," akamwambia mwenziwe. "Alijinunulia mwenyewe, zamani."

Nikaitazama. Haikuwa nguo. Ilikuwa bafta tupu iliyokatwa vipandevipande, bila mkono, bila kola, na kingo zake zikitoa nyuzi pande zote. Nilihisi aibu imenipanda hadi masikioni. Fundi aliyenifumulisha mashati ya mtaa mzima, leo anakwenda kaburini na kitambaa ambacho hakuna aliyekimalizia! Nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba macho yalimwisha kabla hajakishona, akaona haya kutuambia. Nikamkumbuka baba na shati lake. Nikafikiria kile kidole gumba kule chini gizani, kikipita juu ya ukingo ule, kikikuta nyuzi.

Wale wanawake walitoka kuwasha moto wa maji ya kumwoshea. Nikachukua kipande kirefu kuliko vyote, nikakikumbatia, nikapita kwenye tundu la ukuta hadi kwetu.

Sijawahi kushona vile, si kabla wala baadaye. Nilinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Nilifuta sindano, nikaweka uzi mpya juu na chini, nikakunja ukingo mara mbili kwa ukucha, nikazungusha polepole. Pande zote nne. Nje watu walisikia mlio wa cherehani yetu na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mlio huo waliuzoea. Nilipomaliza nilifumba macho nikapitisha kidole changu mwenyewe, nikarudia mara ya pili. Hakukuwa na mahali nilipotazama mlango. Nikakikunja jinsi kilivyokuwa, nikakirudisha mkekani, nikaketi kungoja.

Mama Shabani aliingia na vumbi la barabara miguuni, akalia kilio chake, akanyamaza, akaanza kazi. Walipomaliza kuosha akafungua kile kipande. Mikono yake ikasimama.

"Nani alipitisha mashini humu?"

Mama yangu alikuwa mlangoni na ndoo.

"Nawauliza, nani?"

"Ni minye, Mama Shabani," nikasema, na nakiri nilisema kwa majivuno. "Nilimalizia. Haikukuwa na upindo."

Nilidhani atanikumbatia. Alinitazama kama mtu aliyemkuta nyoka ndani ya kapu la samaki. "Sanda haishonwe na mashini! Ee Mungu wangu, shangazi yangu! Mutoto amemufunga shangazi yangu!" Akakaa chini, kitambaa mapajani, akaanza kulia upya, kilio kingine kabisa. Mama akaweka ndoo, akapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, akawa anasema samahani, samahani, mutoto hajui, sisi hatujui. Mimi nilisimama. Nilichoelewa ni neno moja tu, kwamba nimemfunga Koko Zaina, na kwamba kwa sababu yangu hataweza kutoka huko aliko.

Kitambaa kingine hakikupatikana. Nani angefungua duka siku ile? Mwalimu wa msikiti, aliyekuwa nje na wanaume na jeneza, aliulizwa kupitia pazia. Akasema kwa sauti ya upole, "Fumueni. Mungu anaijua nia ya mtoto. Lakini fumueni upesi."

Tukafumua. Mama Shabani, wale majirani wawili, mama na mimi, kila mmoja na wembe, tumezunguka kile kitambaa kama watu wanaochambua mchele kwenye ungo mmoja. Na haikufumuka. Nilikuwa nimeshona vizuri mno. Mishono ilikuwa midogo na imebana, upindo umekunjwa mara mbili, na kila uzi tuliutoa kwa kuung'oa. Nje wanaume walikohoa. Jua lilisogea kutoka mlangoni hadi ukutani. Mama Shabani, machozi yakiwa yamemkauka, alinena bila kuniangalia, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ilivyokasirika.

"Upindo ni ya nguo yenye itafuliwa tena, mwanangu. Hii haitafuliwa."

Tulipotoa uzi wa mwisho akakiinua kitambaa kukikung'uta. Mwanga wa dirisha ukapita kwenye vitundu vya sindano, mstari mrefu wa nukta nyeupe, pande zote nne. Ulikuwa umenyooka kama kamba iliyovutwa. Niliuona mimi, na naamini waliuona wote. Wakamfunga nacho hivyohivyo, akachukuliwa.

Maji yalikuwa yameshamwagika. Wiki moja haikupita, mtaa mzima ukawa na habari, na kila aliyeisimulia aliongeza chumvi yake. Waislamu waliacha kuleta nguo kwa uchungu. Wakristo waliacha kwa woga, na woga ni mbaya kuliko uchungu kwa sababu hauombwi msamaha. Mama mmoja wa kwaya yetu, mtu aliyekula kwetu, alikuja kuchukua vitambaa vya wanawe kabla havijakatwa. "Mama Nabintu, usikasirike," akasema. "Ile mashini ilishona nguo ya maiti. Watoto wangu wako wadogo." Mama akampa vitambaa vyake, akamsindikiza hadi barabarani jinsi mgeni anavyosindikizwa.

Mwezi wa tisa hakuna aliyetuletea shati hata moja. Mama akaifunika cherehani kwa kitenge, akaenda Kiringye kupandikiza mpunga katika mashamba ya watu. Alikuwa akirudi Jumamosi, miguu imevimba kwa maji, kucha zimelainika, kikohozi kikiwa kimeanza ambacho hakikumwacha tena. Mimi niliacha shule kuwapikia wadogo zangu. Nilingoja anichape. Nilimngoja Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Angenichapa ningepona. Hakunichapa, hakunitukana, hakulitaja jambo lile hata mara moja, na kila nilipomwona anapangusa tope miguuni nilitamani ardhi inimeze.

Watu husahau, au hufa, au huhama, na wageni huja wasiojua hadithi. Nilipokuwa msichana mkubwa niliiondoa cherehani kitenge, nikaipa mafuta, nikaanza upya na viraka. Kwa kazi hiyo nililea wadogo zangu, kisha wanangu, kisha mama mwenyewe. Yeye hakuigusa tena. Alipenda tu kukaa karibu nayo ninaposhona, amefumba macho.

Siku mji mzima ulipokimbilia ng'ambo ya mpaka, mama alisimama mlangoni akasema tuichukue. Nikamwambia ni nzito, tutarudi baada ya siku tatu. Tulichukua sufuria na godoro. Siku tatu zikawa miezi, na kambini kifua cha mama, kile cha mpunga wa Kiringye, kilikataa baridi ya turubai. Alipokuwa hawezi tena kuketi, aliniita nikamsogezea sikio.

"Nabintu. Ile mushono."

Sikuuliza ipi. Miaka yote ile, na sikuwa na haja ya kuuliza ipi.

"Ilinyooka?"

"Ilinyooka, mama."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi koko aliishika na kidole yake," akasema, akageukia upande wa turubai.

Alikufa siku ya pili. Gauni lake la kanisani lilibaki Kilibula, na alilokuwa nalo mwilini lilichanika kwapani, na neno aliloniambia nikiwa na miaka tisa, kwamba mtu wake mwingine hataingia udongoni na nguo iliyopasuka, lilikuwa karibu kuvunjika juu yake mwenyewe. Wasamaria wema walitupatia kipande cha bafta, kimekatwa kwenye jora kwa haraka, kingo zinatoa nyuzi. Nilikuwa na sindano moja niliyoichomeka kwenye kitenge changu tangu nyumbani, tabia ya mafundi. Nikakaa kwenye majani karibu na shimo, nikaanza kukunja upindo.

Wachimbaji waliegemea sepeto zao. Siku hiyo walikuwa na makaburi manne, na wingu lilikuwa linashuka. Sikuwa na meza, sikuwa na mwanga mzuri, na mikono yangu, mikono hii ambayo Uvira nzima inaijua, ikawa kama ya mtoto anayepewa karatasi ya simenti siku ya kwanza. Nilimaliza upande mmoja. Mkubwa wao akasema, dada, inatosha, nikajua kweli inatosha, na pande tatu zikabaki zilivyo.

Walipokwisha kumfunga nilifumba macho, nikapitisha kidole gumba juu ya ule upande mmoja, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho. Haukunyooka. Ulipanda ukashuka, mahali fulani uliruka kabisa. Nikabaki nimeinama pale, nikingoja mtu aniambie fumua, na hakuna aliyeniambia.